Kifua hunibana nikienda Shela: kipimo cha moyo cha kutembea nikiendeeje?

SWALI

Assalaam alaykum, daktari.

Mimi ni nahodha wa mashua hapa Lamu, mkaazi wa Langoni, umri wangu miaka 58. Presha ninayo mwaka wa 11 sasa, na kila asubuhi hunywa atenolol 50 mg na kidonge cha kutoa maji, HCTZ 25 mg. Sukari sina. Sigara niliacha, ila muguka hutafuna jioni nikikaa na wenzangu barazani.

Huu mwezi wa tatu kifua hunibana nikitembea kwenda Shela. Naondoka mjini vizuri, nikifika nusu ya njia nahisi kama mtu amenikalia kifuani, na mkono wa kushoto unakuwa mzito. Nikikaa dakika tatu nne huachia. Siku hizi hata ngazi za nyumbani kwangu hunisimamisha. Daktari wa hapa alinisikiliza akaniandikia barua niende Mombasa nikapimwe moyo kwenye ile mashine ya kutembea inayoongezwa kasi. Nimepewa Jumatano ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi.

Sasa maneno yamekuwa mengi. Jirani asema amesikia mtu alianguka akafa juu ya mashine hiyo. Mpwa wangu anayekwenda jimu aniambia siku hiyo nikaze meno, nisikubali kusimamishwa, maana ukimaliza hatua zote ndiyo umefaulu. Mwengine asema niache dawa zote siku tatu kabla, ili wanione nilivyo. Nataka kujua: nile nini, dawa nifanyeje, naweza kupanda basi siku ile ile kurudi, na nikifaulu ndiyo basi, nirudi baharini?

Jambo dogo: usiku wa kuamkia juzi kifua kilinibana nikiwa nimelala, nusu saa hivi, jasho likanitoka. Nikadhani ni gesi, nikanywa tangawizi, kikaachia. Sijamwambia mke wangu asije akahangaika.

Nahodha, Langoni

JIBU

Wa alaykumu ssalaam, nahodha.

Hilo uliloliita jambo dogo ndilo kubwa kuliko yote uliyoandika, na tutaanza nalo.

Kifua kinachobana ukitembea na kuachia ukikaa chaonyesha kwamba mshipa unaolisha moyo huenda umesinyaa. Damu inayopita yatosha ukiwa umetulia. Haitoshi moyo ukipewa kazi. Lakini kifua kinachobana mtu amelala, kwa nusu saa, na jasho juu yake, hiyo ni hali nyingine kabisa. Usiku ule moyo haukuongezewa kazi yoyote. Iliyopungua ni damu yenyewe, na mara nyingi hupungua kwa sababu mafuta yaliyojijenga kwenye ukuta wa mshipa yamepasuka na damu imeanza kuganda juu yake. Ongeza hapo kwamba ulikuwa ukisimama nusu ya njia ya Shela, na sasa unasimamishwa na ngazi za nyumbani. Hali yako inabadilika, na inabadilika upesi.

Kwa hiyo usingoje Jumatano. Ukimaliza kusoma sehemu hii nenda hospitali leo hii, hapo hapo Lamu. Usijikokote kwa miguu. Tafuta chombo au kipando, na mke wako awe nawe. Mtu wa kwanza atakayekupokea mwambie maneno haya haya: "Kifua kilinibana nikiwa nimelala, nusu saa, na jasho likanitoka." Usianze na tangawizi wala gesi, maana ukianza na gesi utapewa dawa ya gesi. Wanapaswa kukupima ECG (kipimo cha umeme wa moyo, unaochorwa kama mstari kwenye karatasi) mara moja na kukutoa damu ya kupima troponini, kemikali inayovuja msuli wa moyo unapoumia. Damu hiyo hurudiwa baada ya saa chache, kwa sababu kipimo cha kwanza chaweza kutoka safi mapema mno. Maumivu yakikurudia kabla hujafika, kaa chini, na kama aspirini haikudhuru na huna kidonda cha tumbo kinachotoa damu, tafuna kidonge kimoja cha 300 mg huku wenzako wakikutafutia usafiri. Baharini usiende mpaka uambiwe.

Ukipatikana na hatari, mashine ya kutembea haipandwi kabisa mpaka moyo utulie. Pengine utapelekwa moja kwa moja kwenye anjiogramu, picha ya mishipa ya moyo inayopigwa kwa dawa ya rangi. Hayo wataamua watakaokuona. Vyovyote iwavyo, watu wa Mombasa wapigiwe simu waelezwe kilichotokea usiku ule, kwani barua uliyonayo iliandikwa kabla yake.

Maswali yako mengine tunayajibu kwa ajili ya siku utakayoruhusiwa, na kwa wasomaji wengi walio na barua kama yako mfukoni.

Mpwa wako anakupenda, lakini ushauri wake ndio mbaya kuliko wote, na tunataka uelewe kwa nini. Mashine hii haipimi ushujaa. Kazi yake ni kuuzidishia moyo kazi kidogo kidogo, mbele ya watu wanaoutazama, mpaka ule upungufu wa damu unaoupata njiani kwenda Shela ujitokeze hapo wauone kwenye karatasi. Maumivu unayotaka kuyaficha ndiyo waliyokuitia.

Tazama yanavyoingia kwenye hesabu. Hospitali nyingi hutumia hesabu ya Duke: huchukua dakika ulizotembea, hutoa milimita ambazo mstari wa ECG umezama ukizidishwa mara 5, kisha hutoa maumivu ukizidishwa mara 4. Maumivu hupewa 0 kama hayakuwapo, 1 kama yalikuwapo lakini hayakukusimamisha, 2 kama ndiyo yaliyokusimamisha. Tuseme umetembea dakika 5, mstari ukazama milimita 2, na ukasimama kwa sababu ya kifua. Ni 5, toa 10, toa 8: unabaki na -13, na kuanzia -11 kushuka ni hatari kubwa, mtu wa kuangaliwa haraka. Mtu yule yule akikaza meno aseme "ni miguu tu iliyochoka", anapata 5 toa 10, yaani -5, anaingia kundi la katikati na kupangwa foleni ya kawaida. Neno moja lililofichwa limemhamisha kundi. Kuanzia 5 kwenda juu ndiko kwenye hatari ndogo.

Kwa sababu hiyo hiyo usining'inie kwenye vyuma vya pembeni. Vidole viguse tu kwa ajili ya mizani. Ukivishika kwa nguvu mikono inabeba sehemu ya uzito wako, unadumu dakika nyingi kuliko uwezo wa moyo, na hesabu inatoka nzuri kwa uongo. Na mazoezi ya kujiandaa, kwa mtu ambaye kifua kinambana, usiyafanye kabisa.

Sasa siku yenyewe. Utavuliwa shati, na stika 10 zitabandikwa: 6 kifuani kuzunguka upande wa kushoto, na zile 4 za mikono na miguu huwekwa karibu na mabega na chini ya tumbo, ili nyaya zisipepee ukitembea. Nywele zitanyolewa mahali pa stika, ngozi ifutwe kwa spiriti na kusuguliwa kidogo mpaka iwe nyekundu. Usikasirike na usuguaji huo. Stika iliyokaa juu ya mafuta hulegea jasho linapotoka, mstari ukaanza kucheza, na mstari unaocheza hausomeki. Kipimo hurudiwa au hutupwa. Ndiyo maana asubuhi hiyo hupaki mafuta ya nazi wala losheni kifuani.

Kwanza hupimwa ECG na presha ukiwa umetulia. Presha ikiwa zaidi ya 200 kwa 110 huenda wakaahirisha. Kisha mkanda unaanza. Utaratibu unaotumika mahali pengi ni wa Bruce, daktari wa Seattle, Marekani, aliyeuchapisha mwaka 1963. Kila hatua ni dakika 3. Ya kwanza ni kilomita 2.7 kwa saa, polepole kuliko mwendo wa mtu sokoni, lakini mkanda umeinuliwa asilimia 10: ukienda mita 10 mbele, umepanda mita 1. Ya pili ni kilomita 4 kwa saa na mwinuko wa asilimia 12. Ya tatu ni 5.5 na asilimia 14, na hapo wengi huanza kuhema. Ya nne ni 6.8 na asilimia 16; wengine hukimbia. Njia ya Shela ni kilomita 3 hivi, tambarare, mtu huimaliza kwa dakika 40. Hatua ya kwanza tu ya mashine, kwa sababu ya mwinuko, ni kazi kubwa kuliko hiyo. Kwa hiyo usishangae kifua kikibana dakika ya pili au ya nne. Kwa mtu kama wewe wanaweza kuanza na utaratibu mwepesi, mkanda ukiwa bapa, kisha asilimia 5, ndipo waingie huo wa kawaida. Waulize hilo.

Kitambaa cha presha kitakubana mkono kila hatua. Utaulizwa unahisije, pengine kwa kuonyeshwa ubao wa namba kutoka 6 hadi 20, ambapo 6 ni kukaa tu na 20 ni mwisho wa nguvu zako. Kifua kikianza kubana sema papo hapo: kinabana wapi, kinakwenda wapi, na kama ndicho kile kile cha njiani. Sema pia kizunguzungu, giza machoni, pumzi kukata, maumivu ya taya. Ukitaka kusimama, sema. Hilo peke yake ni sababu tosha ya kuisimamisha mashine. Wao wenyewe wataisimamisha mashine namba ya juu ya presha ikishuka badala ya kupanda huku dalili nyingine zikiwapo, mapigo yakienda ovyo, au mstari ukibadilika kwa namna ya kutisha.

Mkanda ukisimama hujamaliza. Mabadiliko mengine hujitokeza kwenye dakika za kupumzika tu, kwa hiyo hubaki na nyaya dakika 6 au zaidi. Mapigo nayo hutazamwa: katika dakika ya kwanza ya kutulia yanatarajiwa kushuka angalau 12. Usiruke chini upesi, kwani damu imejaa miguuni na kichwa chaweza kuishiwa. Kuoga maji ya moto ngoja saa moja au mbili.

Kuhusu dawa, hili ndilo linaloharibu vipimo vingi, na linaweza kukuharibu wewe. Wanataka mapigo yafike asilimia 85 ya 220 ukitoa umri. Kwako ni 220 toa 58, yaani 162, na asilimia 85 yake ni 138 hivi. Atenolol kazi yake ni kuyazuia mapigo. Ukiinywa waweza kuishia 110 umechoka, ECG haijaonyesha kitu, na ripoti ikasema "kipimo hakikukamilika": umesafiri bure. Kwa hiyo madaktari wengine huisimamisha saa 24 hadi 48 kabla, na ni hivyo hivyo kwa bisoprolol, carvedilol na metoprolol. Lakini atenolol ikikatwa ghafla kwa mtu mwenye mishipa iliyosinyaa, mapigo na presha hupanda kwa kurudisha kisasi, na watu wamepata shambulio la moyo kwa njia hiyo. Daktari akitaka kujua kama dawa inakukinga, atakuambia uinywe kama kawaida. Uamuzi ni wake, uupate kwa simu au kwa maandishi kabla ya kuondoka Lamu. Aliyekuambia uache zote siku tatu hakukutakia mabaya, ila usimfuate. Je, tayari umeziacha? Kama ndiyo, hilo nalo liseme hospitali leo.

Wenye sukari wanaotumia insulini au glibenclamide waulize wanywe au wajidunge kiasi gani cha dawa asubuhi hiyo, kwani dawa kamili, tumbo tupu na mashine kwa pamoja huishusha sukari mpaka mtu akaanguka, na ikadhaniwa ni moyo. Mwenye digoxin aitaje, maana huuzamisha mstari wa ECG hata moyo ukiwa hauna upungufu wa damu. Na wanaume, hili semeni bila haya: aliyetumia sildenafil ndani ya saa 24, au tadalafil ndani ya saa 48, asipewe dawa ya kuwekwa chini ya ulimi, na dawa hiyo ndiyo ya kwanza kutolewa kifua kikibana. Zikikutana presha huporomoka.

Chakula: kwa miadi ya saa tatu, kula chepesi mwisho saa kumi na mbili, mkate na maziwa au uji. Mahamri kwa mbaazi yangoje. Maji ni ruhusa. Kahawa chungu, chai, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu viacheni tangu siku moja kabla. Pia vidonge vya maumivu vyenye kafeini, kama Panadol Extra. Muguka, nahodha, uache si kwa kipimo tu. Hupandisha mapigo na presha, na moyo wako hauna damu ya ziada ya kulipia kazi hiyo. Katika Ramadhani omba miadi ya baada ya mwezi au ule siku hiyo. Mgonjwa ana ruhusa, na kupandishwa mashine umekauka ni kujitafutia kuanguka.

Vaa suruali nyepesi na viatu vilivyofungwa vyenye soli ya mpira. Kikoi na champali havifai juu ya mkanda. Kina mama buibui huvuliwa, kitambaa cha kichwani hubaki. Mkitaka mpimaji mwanamke ombeni siku ya kupanga miadi, kwa sababu asubuhi ile huenda yupo zamu mwanamume peke yake. Wakati huo huo ulizeni kama SHA, bima ya afya ya serikali, italipa au mtatoa mfukoni.

Tukija kwa jirani. Kifo kwenye kipimo hiki hutajwa kuwa kimoja hivi katika vipimo 10,000; ukijumlisha na shambulio la moyo, hadi 1 katika 2,500. Hatari ipo, ndiyo maana chumba kinapaswa kuwa na mashine ya kushtua moyo, dawa za dharura na mtu anayejua kuzitumia. Una haki ya kuuliza ziko wapi kabla ya kupanda. Na wengi wa walio hatarini ni wale ambao hawakupaswa kupanda siku hiyo: waliobanwa kifua wamelala, na hawakusema.

Na "kufaulu"? Katika kila watu 100 wenye mshipa mkubwa uliosinyaa, kipimo hiki huwakamata kama 68. Katika 100 wasio nao, huwaambia vizuri kama 77. Kwa wanawake hutoa hofu za bure zaidi. Humwona ambaye mshipa wake umeziba sana, asilimia 70 hivi ya upana wake. Donge dogo la mafuta halionekani, na donge dogo nalo laweza kupasuka. Mtu mwenye dalili kama zako akipewa ripoti safi, bado dalili zabaki pale pale na daktari ana kazi ya kuzifuatilia. Halafu presha ya miaka 11 huweza kuunenepesha msuli wa moyo, na moyo mnene huzamisha mstari bila mshipa kuziba. Kwa hiyo uliza kama ECG yako ya kutulia ni safi. Kama sivyo, au kama magoti hayabebi, ziko njia nyingine: picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, moyo ukiharakishwa kwa mashine au kwa dawa ya dobutamine, au picha ya mishipa kwa sitii skani.

Kusafiri: usipande boti ya Mokowe alfajiri, ukae kwenye basi kupitia Witu na Garsen, ukashukia mashineni. Fika siku moja kabla, lala, pimwa, lala tena, urudi kesho yake pamoja na mtu. Beba dawa zote ndani ya pakiti zake, ECG za zamani, barua, na karatasi yenye tarehe za maumivu: siku gani, ukifanya nini, dakika ngapi. Mstari wa mwisho wa karatasi hiyo ni wa usiku wa kuamkia juzi. Uandike sasa, umwonyeshe mke wako, kisha mwende.